Mbwa wangu anachomwa sindano za kansa, na nyumba nzima imenigeuka

Assalaam alaykum mama, na shikamoo.

Huwa nasoma safu yako shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, tena nikuandikie habari za mbwa. Naomba usinicheke.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, naishi Makorora hapa Tanga. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma mpaka Lubumbashi, akiondoka hata mwezi unakatika. Nyumbani tuko mimi, mama mkwe, wifi yangu ambaye ana mimba ya miezi mitano, na mwanangu Rama wa miaka tisa. Na Kidoti.

Kidoti ni mbwa jike, mdogo, kilo sita tu, mweupe mwenye doa jeusi kwenye jicho la kushoto. Rama alimwokota mtaroni wakati wa masika miaka mitatu iliyopita, mkia umeloa, anatetemeka. Haingii ndani. Ana banda lake uani karibu na jiko la nje, na mama mkwe alimkubali kwa sababu tangu aje hatujaibiwa kuku hata mmoja.

Miezi michache nyuma alipenya kwenye uzio akapotea siku mbili. Baadaye akaanza kutoa damu kidogo kidogo sehemu za nyuma. Nikajua ni joto lake, litapita. Wiki ya tatu damu bado inadondoka sakafuni. Nikamgeuza nimwangalie, nikaona nyama nyekundu imechomoza, ina vinundu kama koliflawa. Daktari wa mifugo alichukua majimaji pale, akayapaka kwenye kioo, akaangalia kwa hadubini, akaniambia ni kansa inayoambukizana kwa mbwa na kwamba ina sindano, atachomwa mara moja kwa wiki. Mama, mimi nilisikia neno moja tu. Mengine yote nilimwomba ayarudie.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana kwa kansa ya shingo ya kizazi. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar es Salaam, ilikuwa imeshasambaa. Nilimuuguza miezi saba, na siku nilipoinama kusafisha damu ya Kidoti uani nilisikia harufu ileile. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Sasa tumemaliza sindano tatu. Kila Jumamosi namtia kwenye kapu, namfunika khanga ili dereva wa bajaji asikatae, nakwenda. Kila safari ni shilingi 45,000 pamoja na kipimo cha damu. Mama mkwe aliiona risiti. Hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya chini tu, "Mama yako mwenyewe hukumtibu hivi." Tangu siku hiyo hatusemezani vizuri. Jirani amemwambia kansa hii itawapata watoto, wifi naye hataki hata kupita uani kwa ajili ya mimba yake. Kuna kijana amejitolea kuweka sumu kwenye nyama, "asiteseke". Rama alisikia. Sasa kila akitoka madrasa anakimbilia bandani kwanza kuangalia kama yupo, na usiku ananiuliza kama Kidoti atakufa kama bibi, na kama manyoya yatamtoka kama nywele za bibi. Sijui nimjibu nini.

Sindano ya tatu ndiyo imenitisha. Alichomwa Jumamosi, Jumatatu akatapika povu la njano mara mbili, hakula mpaka Jumatano. Alikuwa ananiangalia tu. Jirani kaniambia nimchemshie kitunguu saumu na mwarobaini nimnyweshe asafike damu. Nimeshachemsha, sijampa. Nawaza kuacha sindano. Mume wangu kwenye simu anasema, "Fanya unavyoona, ila usimuudhi mama."

Je, ninamtesa? Kansa hii kweli inaweza kumpata mwanangu au wifi yangu? Na nifanyeje na mama mkwe, maana namheshimu na nyumba ni yake.

Mama Rama, Tanga

* * *

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Sijacheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye harufu. Nitarudi hapo. Kwanza hiyo sufuria ya kitunguu saumu: imwage leo. Kitunguu saumu, kitunguu maji na jamaa zao wote huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mbwa wa kilo sita haihitajiki nyingi kumdhuru. Mwarobaini nao uache kwenye mti wake. Ini la Kidoti lina kazi moja sasa hivi, kuishughulikia dawa aliyochomwa, usiliongezee nyingine. Na maadamu tuko hapo, panadol, diklofenaki, brufeni na dawa za fangasi za binadamu zisimguse bila daktari wake kujua. Zile za fangasi, baadhi yake huizuia dawa ya sindano isitoke mwilini kwa wakati, ikageuka sumu.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kukaa na daktari wa mifugo, mtu mzima aliyesomea SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, akanieleza asubuhi nzima. Ninayokuandikia mengi ni yake, mengine ni ya kwangu mwenyewe, na utaona kwa nini.

Mwanangu, neno kansa limekufunga masikio. Ni neno moja tu lakini ndani yake wamekaa wagonjwa wasiofanana kabisa. Kansa ya mama yako ilianza kwenye mwili wake mwenyewe, ikakaa kimya muda mrefu, ikasambaa kabla haijajulikana. Hii ya Kidoti si hivyo. Seli za ule uvimbe si za Kidoti hata kidogo. Wanasayansi waliozichunguza vinasaba wamekuta kwamba uvimbe wa aina hii, kwa mbwa wa dunia nzima, umetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alikufa zamani, seli zake zikaendelea kuhama kutoka mbwa hadi mbwa, kwa kupandana, kulambana na kunusana. Ndiyo maana mbwa wengine huota puani au mdomoni. Zile siku mbili alizopotea, au siku nyingine usiyoijua, seli hizo zilipandikizwa kwake kama mtu anavyopandikiza kipande cha muhogo. Si chakula ulichompa. Si uchafu wa banda. Si jicho la mtu.

Na seli hizo ni za mbwa. Huhamia kwa mbwa mwenzake, na kwa jamaa zake wa karibu kama mbweha. Hazimpati binadamu. Rama hawezi kupata kansa hii hata akilala na Kidoti kifuani, wifi yako hali kadhalika, na mtoto aliye tumboni hali kadhalika. Mwambie jirani yako hivyo, kisha mwulize kama ana mbwa. Kama anaye, huyo ndiye wa kumwogopea: amfungie, naye amwangalie kwa nyuma na puani. Kidoti asikutane na mbwa yeyote mpaka daktari aseme amepona. Ule uzio uzibe kabla ya Jumamosi.

Sasa jambo ambalo huenda hukulitarajia kwangu. Mama mkwe wako na wifi yako wana haki ya kuogopa kitu, ila wamekosea wanachokiogopa. Si kansa. Ni dawa.

Dawa anayochomwa Kidoti, kama ni ile inayotumika karibu kila mahali kwa ugonjwa huu, inaitwa vinkristini. Ni dawa ileile wanayopewa watoto wenye kansa ya damu hospitalini. Asili yake ni ua dogo la Madagaska, la waridi au jeupe, petali tano, ambalo bila shaka limepandwa mbele ya nyumba mbili tatu mtaani kwako. (Na asije mtu akachemsha majani ya ua hilo akidhani ameokoa pesa. Mmea mzima ni sumu. Dawa hupatikana baada ya kazi kubwa ya viwandani na kipimo chake ni kidogo mno.) Baada ya sindano dawa hutoka mwilini kwa siku kadhaa, zaidi kwenye kinyesi, na kiasi kwenye mkojo na matapishi. Dawa inayoua seli zinazokua haraka haifai kumgusa mwenye mimba, kwa sababu mtoto tumboni ni seli zinazokua haraka.

Kwa hiyo siku tatu baada ya kila sindano, kinyesi, mkojo na matapishi ya Kidoti ni kazi yako peke yako. Wifi asiguse, Rama asiguse. Vaa glovu, zile za duka la dawa. Kinyesi kitupe kwenye choo cha shimo au kifukie ndani kabisa ambako kuku hawachakuri, mkojo umwagie maji mengi kisha sabuni, matambara yake yafue peke yake mara mbili. Nunueni bakuli lake, lisichanganywe na yenu, osha mikono. Katika siku hizo tatu Rama asikubali kulambwa usoni. Kumpapasa mgongoni hakuna neno. Nenda kwa wifi yako mwenyewe ukamwambie haya, kabla hajauliza: "Wifi, ulikuwa sahihi kukaa mbali na uani, na mimi ndiye niliyestahili kukuambia." Utaona jinsi nyumba itakavyopumua. Mtu akiogopa bila kupewa sababu huogopa kila kitu.

Mama mkwe umwendee kwa njia yake. Kama anafuata madhehebu ya Shafi kama wengi wa pwani, anajua hukumu ya mate ya mbwa, kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Usibishane naye hapo hata kidogo. Tenga ndoo na udongo uani, aone kwamba unaichunga twahara ya nyumba yake kuliko alivyodhani. Naye anaijua pia hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na jinsi Mola alivyomlipa. Huna haja ya kumsomea. Yeye ndiye aliyekubali banda, yeye ndiye anayelala usingizi kwa sababu kuku hawaibiwi. Mwambie tu: "Mama, ni sindano chache zimebaki, halafu itakwisha. Naomba uniazime subira yako mpaka hapo."

Chache ngapi? Hapo ndipo nataka usikilize vizuri, kwa sababu unawaza kuacha. Mbwa wengi wenye kansa hii hupona kwa sindano nne mpaka sita, za wiki kwa wiki. Wengine huhitaji mpaka nane. Wanaopona ni wengi mno kuliko wasiopona. Katika kansa zote za mbwa, hii ni kati ya zinazosikia dawa vizuri kabisa. Wewe umeshamaliza tatu. Kama uvimbe umepungua tangu sindano ya kwanza, na barua yako haikusema, basi dawa inafanya kazi, na ukiacha sasa seli zitakazobaki zitaota tena, na safari ya pili huenda zisisikie dawa kama ya kwanza. Mwombe daktari aupime uvimbe kila Jumamosi, kwa rula, akuandikie. Namba utakayoiona inashuka itakusaidia kuliko maneno yangu.

Kuahirisha ni kitu kingine, wala si kuacha. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na hushuka zaidi kati ya siku ya nne na ya saba. Kipimo cha damu unachokilipia ni kwa ajili hiyo, usikikate hata pesa ikibana. Zikiwa chini ya 4,000 madaktari wengi husogeza sindano siku tatu nne, na hupunguza kidogo kipimo. Ukiambiwa hivyo, rudi nyumbani bila huzuni. Mwulize pia kama amemchunguza maradhi ya kupe. Kwetu pwani joto halipungui, kupe hawakosekani, na yapo maradhi yao yanayoshusha chembe za damu taratibu bila dalili kubwa. Mbwa anaweza kuonekana amelemewa na sindano kumbe aliyemlemea ni kupe wa mwezi uliopita.

Kuhusu kutapika. Alichomwa Jumamosi, akatapika Jumatatu, akala Jumatano. Kwa dawa hii ndivyo inavyotokea kwa baadhi yao, na haina maana unamtesa. Ila mbwa wa kilo sita hana akiba. Mbwa mkubwa akisusa siku mbili utamhurumia, mdogo akisusa siku moja nzima umpigie daktari simu, usingoje Jumatano. Ipo dawa ya kuzuia kichefuchefu, nyingine hutolewa kabla hata hajaanza kutapika. Mwambie daktari neno kwa neno ulivyoniambia mimi, povu la njano, mara mbili, siku ya pili, na Jumamosi hii atajua la kufanya. Mara nyingi tunawaficha madaktari kwa kuona haya, kana kwamba mgonjwa kutapika ni aibu ya muuguzi.

Chakula mpe kidogo kidogo, mara nne tano kwa siku, wali laini na kuku wa kuchemsha aliyetolewa mifupa, bila chumvi, bila vitunguu, bila viungo. Kipashe moto kidogo, kiwe vuguvugu, maana mbwa hula kwanza kwa pua. Akigoma bakuli mpe kwenye kiganja. Choo kikiwa kigumu, na dawa hii hufanya hivyo wakati mwingine, mpondee boga la kuchemsha kijiko kimoja kwenye wali. Nyama mbichi, utumbo mbichi na dagaa wabichi wa sokoni mwache kabisa mpaka amalize matibabu, kwa sababu chembe nyeupe zikiwa chini tumbo lake halina mlinzi.

Nunua kipimajoto, cha kawaida tu, kiwe chake peke yake. Kipake mafuta, ukiingize taratibu njia ya haja kubwa asubuhi na jioni katika siku zile za nne mpaka ya saba. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Ikipita 39.5, au fizi zikiwa nyeupe, au damu kwenye matapishi au kinyesi, au akilala asiinue kichwa ukimwita, si suala la kesho. Mbebe kwenye kapu uende.

Na mguu aliochomwa uangalie kila siku. Vinkristini inatakiwa iingie ndani ya mshipa tu. Ikivuja tone nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda huenda kisionekane mpaka siku kadhaa zipite. Ukiona wekundu, uvimbe, au anaulamba sana, piga simu siku hiyohiyo. Mishipa ya mbwa mdogo ni kama uzi, kwa hiyo siku ya sindano kazi yako wewe ni moja, kumshika asicheze mguu. Najua umemshika mara tatu tayari. Mshike na ya nne.

Pesa. Shilingi 45,000 kwa wiki kwa mshahara wa mwalimu si mchezo, na mama mkwe kuishangaa risiti si ukatili. Kuna kitu kimoja cha kuuliza. Kipimo cha dawa hii hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili, na kwa mbwa wa kilo sita ni kama sehemu moja ya tano ya miligramu moja. Kichupa kidogo cha dawa mara nyingi kina miligramu moja nzima. Mwulize daktari kama ana mbwa mwingine mwenye maradhi hayohayo, na Tanga hawezi kukosa, ili mje siku moja na kichupa mgawane gharama. Hata asipokuwepo, mwulize hizo sehemu nyingine nne za kichupa zinakwenda wapi na kama zinaweza kuhifadhiwa kwenye friji kwa ajili ya Jumamosi zenu zijazo. Muulize kwa adabu, kama mteja, naye hatachukia.

Sasa turudi kwenye harufu.

Nilipokuwa binti nyumbani Muheza tulikuwa na mbwa, tukimwita Simba ingawa alikuwa jike. Alianza kudondosha damu vilevile. Wazee walisema amelogwa, wengine wakasema ana laana italeta nuksi kwenye nyumba. Dawa hii ilikuwapo duniani tangu miaka ya 1960, lakini kwetu hakuna aliyeijua, hata jina la ugonjwa hatukulijua. Mjomba alimchukua asubuhi mapema akaenda naye upande wa mashamba ya mkonge, akarudi na kamba peke yake. Nilikaa miaka mingi nikidhani Simba alikuwa na kitu kisichotibika. Nilikuja kujua mtu mzima, nina wajukuu, kwamba zilikuwa sindano nne au tano tu. Kwa hiyo ukiniuliza kama unamtesa, mimi siwezi kukujibu kama mtu asiyehusika. Humtesi. Ungekuwa unamtesa kama dawa isingekuwepo ukaendelea kumchoma ili ujiliwaze wewe. Dawa ipo.

Na yule kijana wa sumu akija tena, mwambie sumu za panya na za wadudu huua mbwa kwa saa nyingi za mateso, wala haziishii kwake, kuku na paka watakaogusa nyama ile watafuata, na hata mtoto. Siku ikiwa lazima, na siioni hapa, daktari wa mifugo ana njia ya upole. Sumu haimo.

Lile neno la mama mkwe, kwamba mama yako hukumtibu hivi, limekuuma kwa sababu nusu yako inaliamini. Mwanangu, ulimuuguza miezi saba. Uliosha, ulibadilisha, ulikesha. Kilichokosekana kwa mama yako hakikuwa wewe, wala shilingi 45,000. Ilikuwa miaka ile ya kabla, ugonjwa ulipokuwa kimya. Usiilipe damu ya Kidoti kama deni la mama yako, kwa sababu hutamaliza kulilipa, hata Kidoti akipona. Mtibu kwa sababu ni Kidoti. Na ukiwa umekaa sakafuni tena umeshika tambara, na harufu ikaja, lia, ni mama yako unamlilia, ni haki yake. Kisha inuka ukavae glovu.

Wewe pia, kwa kuwa nimelitaja, kama hujawahi kupimwa shingo ya kizazi, nenda. Ile ya mama yako ingeonekana mapema ingetibika. Una miaka 38, uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Ukirudi unieleze, hata kama hutaniambia la mbwa.

Rama amekuuliza mawili. La manyoya ni rahisi: mwambie manyoya ya mbwa wengi hayadondoki kama nywele za binadamu, labda masharubu yake yapungue kidogo, nayo hurudi. La kufa mwambie ukweli wenye kipimo chake. Mwambie, "Bibi alikuwa na ugonjwa mwingine, jina tu ndilo linafanana. Huu wa Kidoti mbwa wengi wanapona. Daktari anafanya kazi yake, na sisi tunafanya yetu." Usimwapie kwamba atapona. Alishaambiwa na watu wazima kwamba bibi atapona, nadhani, na anakumbuka. Kinachomkimbiza bandani kila siku si kansa bali yule kijana na nyama yake. Mpe jibu la hilo kwanza, kwa sauti, mbele ya bibi yake, yaani mama mkwe wako: hakuna mtu atakayemwua Kidoti katika nyumba hii. Halafu mpe kazi isiyogusa dawa. Awe mwenye daftari. Aandike kila siku Kidoti kala nini, mara ngapi, joto ulilopima limesoma ngapi, kacheza au kalala. Daktari atalihitaji daftari hilo kuliko unavyodhani, na mtoto wa miaka tisa ambaye daktari amelifungua daftari lake akalisoma hasahau.

Akipona, baada ya mwezi mmoja miwili mwulize daktari lini afungwe kizazi, ili asitoke tena kutafuta madume na kuleta ugonjwa uleule. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo msimpe katikati ya matibabu bila kuuliza, ila msiisahau, kwa sababu ya nyote mnaoishi naye.

Jumamosi apimwe uzito kabla ya sindano, asichomwe kwa kilo za wiki iliyopita. Khanga ya kufunikia kapu chukua ile aliyolalia usiku, isiyofuliwa, atulie kwa harufu yake mwenyewe. Na kama mama mkwe atakuwa amekaa barazani mnapotoka, msalimie, mwambie mnakwenda ya nne.